Aliyepiga Simu Jumatatu

Getini, 2 Aprili

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini kifua kimetulia na vumbi la vioo vya miwani huko kiwandani halikusumbui kama mwaka juzi. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako amerudi karakana, ana oda ya madawati ya shule. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele. Akicheka utadhani mtu kaacha mlango wazi. Bado anauliza bibi anarudi lini. Nimemwambia ukweli mara tatu. Anatikisa kichwa kama ameelewa, kesho yake anauliza tena.

Mama tulimzika Alhamisi, tarehe ishirini. Nilikusubiri mpaka saa tisa. Watu walitaka tuanze, nikasema dakika kumi, halafu dakika kumi nyingine. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba ulisubiriwa.

Kwenye simu ulisikia nusunusu, na wewe mwenyewe hukuuliza. Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana watu wameshaanza kusimulia ya kwao.

Unamkumbuka Mama alivyokuwa pale zahanati. Miaka thelathini na moja anafunga vidole vya wapanda mlima huku anawagombeza: "Hukusaini, hukubeba maji, hukumwambia mtu. Mlima ni mama yako akubembeleze?" Kumbe mwenyewe hakuwahi kufika juu hata siku moja. Alipostaafu likamkaa moyoni. Akawa anasema atapanda, mimi namwambia na moyo wako huo na miaka sitini na nne, upande nini.

Jumatatu, tarehe kumi, aliniaga kwamba anakwenda kwa rafiki yake, yule muuguzi mwenzake, atarudi Alhamisi. Nikamfungia mkate. Ijumaa nikampigia simu huyo rafiki. Hajamwona tangu mwaka jana. Nikafungua kabati la Mama: viatu vya kupandia havipo, koti la mvua halipo.

Daftari langu hakulisaini. Mimi karani wa geti, kazi yangu kuandika kila anayepanda, na mama yangu mzazi hayumo. Watu wanasema mganga hajigangi. Wanasema nikiwa nasikia.

Kikosi cha uokoaji kilitoka Ijumaa hiyohiyo mchana. Wote tuliamini amepita njia kuu, upande wa kaskazini, kwa sababu ndiyo iliyo wazi. Wakaichambua siku tatu kwenye mvua na ukungu. Jumapili asubuhi Twiga akaona kitu chekundu korongoni. Unamjua Twiga, yule mrefu anayeinamia kila mlango, hata usio mfupi. Akashuka kwa kamba kukiangalia. Ulikuwa mfuko wa plastiki. Alipofika chini akajifungua kamba, akakanyaga jiwe, jiwe likaondoka naye. Uti wa mgongo umevunjika. Yuko hospitali kuu, huko huko mjini kwako, ghorofa ya pili, wodi ya wanaume. Nakuomba sana uende kumwona. Mkewe ana watoto wawili wadogo, hawezi kusafiri kila wiki.

Jumatatu adhuhuri simu ikalia ofisini kwa mkuu wa kikosi. Sauti ya mwanamume ikasema, "Mtafuteni njia ya zamani, ile iliyofungwa, upande wa ziwa." Mkuu akauliza, "Nani anaongea?" Simu ikakatwa. Walimkuta Mama kesho yake saa nne asubuhi, ameketi chini ya mwamba, kifundo cha mguu kimevunjika. Alikuwa ameshafariki.

Aliyepiga hatumjui. Wewe una wazo lolote?

Mdogo wako.


Mjini, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, tena siku nyingi. Unisamehe kwa uvivu wa kujibu. Mimi mzima. Kifua ndicho kilekile, usiku kinakereketa, mchana kinanyamaza. Kazini wameleta mashine mpya ya kusagia vioo, inamwaga maji mpaka tunavaa mabuti kama wavuvi. Msalimie shemeji. Mwambie mpwa wangu meno yataota, asiyalilie. Mimi yangu yalichelewa mpaka nikaitwa babu darasani.

Mazikoni sikuja kwa sababu nilinyimwa ruhusa. Tulikuwa na kazi ya hospitali tatu kwa wakati mmoja.

Huyo kijana nitajaribu kwenda kumwona. Shida ni kwamba saa za kuona wagonjwa zinagongana na zamu yangu.

Kuhusu simu, labda ni mchungaji alimwona akipita. Watu wengine wanaogopa kuhojiwa, ukishasema jina lako unaitwa hapa, unaitwa pale. Mimi nisingelichimba sana.

Nina swali moja. Umeandika kwamba walimkuta ameshafariki. Tangu lini? Daktari alisema chochote?

Kaka yako.


Getini, 11 Mei

Kaka,

Hatujambo. Mvua imekata, wapandaji wameanza kumiminika. Jana nimeandika majina hamsini na mawili, na mmoja alikuja na kandambili. Nikamwambia, "Bwana, unakwenda mlimani au bafuni?" Wenzake wakacheka, yeye akanuna, lakini alirudi kutafuta viatu. Mpwa wako anadai na yeye hataki meno, anataka miwani kutoka kwa mjomba.

Daktari alisema ilikuwa haraka. Hakuteseka.

Hapa pameundwa kamati ya uchunguzi. Watu watatu, wanakaa ukumbi wa shule, wanatuita mmoja mmoja. Swali lao kubwa ni aliyepiga simu. Mke wa Twiga naye alikuja dirishani kwangu juzi, mtoto mgongoni. Hakunisalimia. Alisema, "Huyo mtu alijua njia. Kama Jumatatu alijua, alianza kujua lini? Kwa sababu mume wangu ameanguka Jumapili." Akasimama pale mpaka foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, ndipo akaondoka.

Anasema pia kwamba mumewe hajatembelewa na mtu yeyote kutoka kwetu.

Mkuu wa kikosi ameiambia kamati kwamba mtu yule, kabla ya kukata, alikohoa. Kikohozi kikavu.

Na dada wa posta aliniambia, tulipokuwa tunazungumza mambo mengine, kwamba Mama alipita kwake Jumamosi ya tarehe nane na barua ya kwako. Sikuulizi kitu. Nakuandikia kama habari.

Mdogo wako.


Mjini, 3 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote nyumbani. Kwa leo nitaishia hapo kwenye salamu, maana nikiendelea nitatafuta tena pa kujificha.

Ni mimi niliyepiga.

Unajua mimi na Mama tulikuwaje tangu msiba wa Baba. Nilifika nimechelewa, na yeye, mbele ya ukumbi mzima, akasema, "Haya, mpisheni mgeni wetu akae." Mgeni. Nikala kiapo cha kijinga kwamba sitamjibu tena. Yeye aliendelea kuandika. Kila mwezi barua. Nilikuwa naitambua kwa mwandiko kabla sijaigeuza, ule mwandiko wake wa kwenye kadi za wagonjwa. Naiweka juu ya kabati bila kuifungua. Zilifika kumi na tisa. Ya mwisho ilikuja Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi. Niliiweka juu ya wenzake nikaenda kufua.

Jumamosi msimamizi wetu aliniambia dada yako amepiga simu, mama haonekani. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo panaponiuma. Sikuogopa. Nilidhani ni ujanja wenu wa kunirudisha nyumbani. Nikasema moyoni, atakuwa kwa rafiki yake, wacha wanitafute. Jumatatu asubuhi msimamizi akaniita tena: ndugu, kuna kijana wa uokoaji ameanguka akimtafuta mama yako. Hapo niliikumbuka barua ya Jumatano. Saa ya mapumziko nilikimbia chumbani, nikapanda juu ya kitanda, nikaichukua.

Nakunakilia, kwa sababu ni haki yako:

"Mwanangu, sijui kama unazisoma hizi. Jumatatu napanda, kwa njia ya zamani ya upande wa ziwa, ili mdogo wako asinione getini. Usimwambie mapema, atanifungia ndani. Nina chakula cha siku nne, maji chupa tatu, bendeji na koti. Alhamisi jioni nitakuwa nyumbani. Nisipoonekana, mpigie simu umwambie niko njia gani. Mtu akipanda lazima mtu mmoja ajue aliko. Nimekuchagua wewe."

Nilipiga simu palepale, kwenye duka la chini. Yule mkuu akauliza nani anaongea. Mdomo ulifunguka, mdogo wangu. Jina halikutoka.

Ruhusa sikunyimwa. Siku ya maziko nilisafiri, nikashuka njia panda, nikaona watu wanapita na viti vichwani. Nikavuka barabara, nikasubiri basi la kurudi.

Sasa unajua. Kama uliniandikia kweli kwamba hakuteseka, nitashukuru maisha yangu yote.

Kaka yako.


Getini, 14 Septemba

Kaka,

Nimeandika barua sita nikazichana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Sina salamu za kukupa leo.

Nilikudanganya. Mama hakufa haraka. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kile kijitabu chake cheusi, na nyuma yake alijiandikia kama alivyokuwa anawaandikia wagonjwa, kwa mistari, tarehe na saa. Kinakaa kwangu. Kamati wamekisoma wakanirudishia. Nakunakilia na mimi, kwa sababu ni haki yako.

"Jumatatu saa kumi jioni. Nimeteleza. Kifundo cha kulia kimevunjika, nimekifunga na fimbo mbili. Mapigo ya moyo 96. Sitembei tena.

"Jumanne. Mapigo 92. Uvimbe umeongezeka, vidole bado vina joto. Nakula kidogo kidogo.

"Alhamisi usiku. Sasa anajua.

"Ijumaa asubuhi. Mapigo 110. Maji chupa moja, nakinga na mvua kwa koti. Leo watakuja.

"Jumamosi. Nimetapika. Mapigo 124. Leo watakuja.

"Jumapili asubuhi. Baridi imeacha kuuma, si dalili nzuri. Mapigo nimehesabu mara mbili, nimepotea."

Basi. Chini yake hakuna kitu.

Toka getini mpaka pale alipokaa, kikosi kilitembea saa tano. Tano tu. Ijumaa ile wangekwenda moja kwa moja wangemfikia kabla giza halijaingia, na Twiga angekuwa anainamia milango mpaka leo.

Nilikuficha kwa sababu tangu Mei nilishakujua. Niliposoma "Sasa anajua" nilijiuliza ni nani huyo, na dada wa posta akanijibu bila kujua. Nilikaa na hilo miezi miwili nikingoja uliseme mwenyewe. Wakati mwingine nilikuwa naomba usiliseme.

Na mimi nina langu, hujawahi kuniuliza kwa nini Mama alinikwepa. Mwezi wa kwanza alikuja getini na mkoba mgongoni, akapanga foleni kama watu wengine. Ilipofika zamu yake akanyoosha mkono achukue kalamu. Nikaivuta. Nikamwambia mbele ya wageni, "Bibi, rudi nyumbani ukalale." Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Yeye akaweka mkoba sawasawa begani, akasema, "Haya, karani," akaondoka. Kwa hiyo watu wanaposema hakusaini, ni kweli hakusaini. Nilimnyima kalamu.

Yeye naye ana lake. Alijua njia ile imefungwa tangu mteremko ulipoporomoka, na bado akaenda peke yake na mguu wa uzee, akanidanganya usoni huku anapokea mkate wangu. Nampenda na nina hasira naye, siku hizi sijui lipi linaamka kwanza.

Nenda kwa Twiga. Usimtume mtu, usiandike. Mwambie kwa mdomo wako. Halafu iandikie kamati, jina lako kamili. Mpaka uwe umefanya hayo mawili, barua yako ikija nitaiweka juu ya kabati.

Karani wa geti.


Mjini, 20 Oktoba

Mdogo wangu,

Kama unaisoma hii, ujue yote mawili nimeyafanya.

Natumaini shemeji na mtoto ni wazima. Mimi mzima.

Kamati nimeiandikia kurasa mbili, na nakala ya barua ya Mama. Nimesaini.

Kwa Twiga nilikwenda Alhamisi. Nilizunguka jengo lile mara mbili kabla sijaingia. Wodi ina vitanda kumi na viwili, chake cha mwisho kabisa, dirishani. Miguu imepita mwisho wa godoro, wameongezea stuli na mto. Alikuwa macho. Alinitazama akasema, "Wewe si daktari."

"Hapana. Mimi ni mtoto wa yule mama."

"Mtoto wake ni yule dada wa getini."

"Tuko wawili. Mimi ndiye niliyepiga simu."

Nikamweleza yote, nimesimama, hakunikaribisha kukaa na sikukaa. Nilipomaliza aliuliza, "Barua ilifika siku gani?"

"Jumatano."

Akainua mkono, akahesabu kwa vidole taratibu. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Alipofika kidole cha nne hakukitaja, alikishika tu.

Kisha akasema, "Nyinyi watatu mlikuwa mnafichana nyumbani kwenu. Mimi nimeangukia katikati."

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, niliyaacha. Nikamuuliza kama ana hasira na Mama, kwa kupanda peke yake. Akasema, "Tukianza kuchagua wa kumtafuta kwa akili zake, tutabaki tumekaa na redio. Wote wanaopotea walikosea mahali fulani. Hilo nilijua siku nilipojiunga. Wewe ndiye sikujua kama upo."

Nikageuka niondoke. Akaniita.

"Muuguzi amechelewa. Natakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inaoza. Nigeuze."

Nikamwambia sijui. Akasema, "Utajua. Shika nyonga. Mkono wa pili begani. Usinivute, nibiringishe kama gogo." Nilimbiringisha. Ni mzito, mdogo wangu, na miguu inafuata nyuma kama si yake. Alipotulia, uso ukielekea ukutani, akaongea akiwa amenipa mgongo: "Sasa toka. Ukirudi usirudi, mimi sitakushukuru."

Nimerudi Alhamisi iliyofuata. Nimebadilishana zamu, saa zile zote nilizokuambia zinagongana hazigongani na chochote. Nafika, namgeuza, namkatia kucha, natoka. Haongei nami. Alhamisi hii iliyopita alijifanya amelala, lakini aliinua mkono nipate pa kushika.

Siombi unijibu.

Kaka yako.


Getini, 9 Novemba

Kaka,

Salamu. Sisi wazima. Shemeji yako amemaliza madawati, sasa anatengeneza mlango mpya wa ofisi yangu, ule wa zamani ulioza kwa chini. Mpwa wako meno yameota, yamekuja makubwa kama ya mtu mzima, hajui ayafiche wapi.

Ripoti ya kamati imebandikwa ubaoni hapa getini. Inasema Mama alipanda peke yake, bila kusaini, kwenye njia iliyofungwa. Inasema taarifa aliyoiacha haikufikishwa kwa wakati, na mtu aliyepewa ametajwa. Inasema karani alimkatalia kuandikishwa bila kutoa taarifa kwa mkuu wa kikosi. Hilo la mwisho nililisema mwenyewe, hakuna aliyeniuliza. Nimepewa onyo la maandishi. Yote yaliyoandikwa pale ni kweli, na watu wanasimama kuyasoma wakiwa na mikoba mgongoni, halafu wanakuja dirishani kwangu kusaini.

Siku hizi siandiki jina peke yake. Namuuliza kila mtu, nani anajua uko wapi, na namba yake ipi. Juzi mwanamume mmoja alisema hana mtu. Nikamwambia basi leo hupandi. Akanitukana sana. Nilimwacha atukane, kisha nikamwandikia jina langu mimi, kwenye mstari wake, nikamwambia kesho saa kumi na moja nisipokuona naita kikosi. Alirudi saa tisa. Hakunisalimia.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni hili. Jumamosi mke wa Twiga alikuja. Foleni ilikuwa ndefu, akaipita yote mpaka dirishani, amenyoosha kidole kuelekea ubaoni. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Huyu aliyetajwa pale ni nani kwako?"

Ningeweza kusema ni ndugu wa mbali. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi.

Nikasema, "Ni kaka yangu. Tumbo moja."

Akainama dirishani. Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Kuna mtu anakwenda kumgeuza mume wangu kila Alhamisi. Yeye hataki kumtaja. Ndiye?"

Nikasema, "Ndiye."

Nilidhani atanitemea mate. Nilikuwa tayari, hata sikurudi nyuma. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akasema, "Mwambie anamshika vibaya bega la kushoto. Limeanza kuvimba. Atie mkono kwa chini, asibonyeze kwa juu." Akaondoka.

Sijakusamehe, na usiniulize tena mwaka huu. Lakini nimetumwa, na ujumbe siucheleweshi: bega la kushoto, mkono kwa chini.

Mdogo wako.